Nipige Tuni Gani? Mwongozo wa Kuchagua Muziki wa Kale na wa Kiasili wa Ulaya kwa Kikao cha Kupiga Pamoja

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. Mmoja yuko Leiden kimasomo, ana fidla aliyojifunzia taarab Unguja, na wenzake wa chuo wamemwalika Jumatano jioni. Mwingine ni mwalimu wa Kenya mwenye darasa zima la rekoda, amechoka kusikia mazoezi ya noti tatu. Mwingine ni mwanakwaya aliyehamia Birmingham, solfa anaisoma kama gazeti, ila hajawahi kukaa na watu wanaopiga bila karatasi hata moja. Wote wanauliza: nianze na tuni gani?

Jibu langu huwakera kidogo. Usianze na tuni unayoipenda wewe. Anza na ile ambayo nusu ya waliokaa hapo wanaijua walau nusu. Kwenye kikao hakuna kondakta, hakuna mazoezi ya awali, na mara nyingi hakuna hata hadhira: ni watu wanne, kumi, kumi na watano wamezunguka meza, wengi wanapiga tuni ileile moja, wachache wanaweka kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) chini yake. Tuni ngeni, hata iwe tamu vipi, inawageuza wenzako kuwa wasikilizaji. Walikuja kupiga.

Tuseme tunachokizungumzia. Muziki wa kale hapa ni ule wa kabla ya mwaka 1750 hivi, na hasa ngoma za karne ya 16 na 17, kwa sababu ndizo zinazofaa kwenye duara. Muziki wa kiasili ni wa Ayalandi, Uingereza, Ufaransa, Uswidi na majirani zao. Mipaka kati ya hizo mbili ni myembamba kuliko wanavyokiri wenye vyeti, na tuni zinazofaa zaidi huwa zina mguu mmoja kila upande.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chombo kilichotuniwa kwa A ya 440. Vikao vya kiasili karibu vyote viko hapo. Baadhi ya vikundi vya muziki wa kale hutumia 415, ambayo iko chini kwa takriban nusu toni. Uliza kabla ya kwenda.
- Kama chombo chako ni rekoda, hakikisha ni ya vidole vya Baroque, si ya Kijerumani. Hili linawaumiza wengi walionunua rekoda ya bei nafuu ya shule. Ya Kijerumani inarahisisha F, lakini F shapu inatoka ya kulazimisha, na vikao vinaishi kwenye G na D ambamo F shapu haikwepeki. Nyingi zina herufi B au G nyuma. Kama huioni herufi, ziba tundu la kidole gumba, matatu ya mkono wa kushoto na la kwanza la mkono wa kulia, mengine yaache wazi. Ikitoka F safi kabisa, hiyo ni ya Kijerumani. Ikitoka F iliyopanda kidogo, inayokera sikio, umepata ya Baroque.
- Simu yenye programu ya kutuni na ya kurekodi sauti.
- Daftari dogo na penseli. Kila tuni andika mstari mmoja tu: jina, ufunguo (noti ambayo tuni imejengwa juu yake), na noti nne au tano za mwanzo. Usiandike tuni nzima, utaanza kuitegemea.
- Mpiga gitaa awe na kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote ili kubadilisha ufunguo.

Tuni zenyewe hazikugharimu kitu. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP ina machapisho ya zamani kwa wingi, na kwa Kiayalandi tovuti ya The Session ina maelfu ya tuni, kila moja na matoleo yake. Tuni ya 1600 haina mwenyewe, lakini mpangilio wa sauti nne ulioandikwa juzi na mtu aliye hai unaye. Usiuchape kijitabu ukaanza kuugawa.

Hatua kwa hatua

1. Jua vyombo vilivyomo kwenye duara

Watu wanaruka hatua hii kisha wanashangaa. Chombo chenye mipaka mikali zaidi ndicho kinachoamua ufunguo, wala si mpigaji hodari kuliko wote.

Uingereza utakuta melodeoni, kodiani ndogo ya vitufe ambayo kitufe kimoja hutoa noti moja ukivuta na nyingine ukisukuma. Kwa kawaida ni ya D na G, ndiyo maana tuni nyingi za vikao vya Kiingereza ziko D na G. Ukivuka kwenda Ufaransa, kodiani ya namna hiyohiyo mara nyingi ni ya G na C, na zumari za mfuko za huko zinapenda funguo hizohizo. Ayalandi filimbi ya bati ni ya D, kwa hiyo utaishi ndani ya D, G na E ndogo (E minor). Fidla inaweza kila kitu lakini inanguruma vizuri kwenye D, G na A kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi. Vikundi vya rekoda vinavyosoma noti vina uhuru zaidi, ila hao nao wana vitabu vyao na watakutaka usome.

Ukileta tuni ya E flati, mwenye melodeoni ataweka chombo mapajani na kushughulikia glasi yake.

Kwa hiyo, ukiwa hujui unaenda kukutana na nani, chagua G. Karibu kila chombo kinaishi humo.

2. Anza na zile ambazo sikio lako tayari linazo

Hapa wasomaji wa Kiswahili mna akiba kubwa kuliko mnavyodhani, nayo imekaa kanisani. Wamisionari walikuja na vitabu vya nyimbo, na ndani ya vitabu hivyo zilijificha tuni za kale za Ulaya. Ile tuni ya sifa inayojulikana kama Old Hundredth, ambayo makanisa mengi huiimba kufungia ibada, ilichapwa Geneva mwaka 1551: d d t, l, s, d r m. Tuni ya Ijumaa Kuu ya kichwa kilichovikwa miiba ilitungwa na Hans Leo Hassler, ikachapwa 1601, na wakati huo ulikuwa wimbo wa mapenzi wa mtu aliyechanganyikiwa kwa ajili ya msichana. Waluteri wakaivika kanzu baadaye.

Lakini angalia: kujulikana peke yake hakutoshi. Chukua Slane, tuni ya Kiayalandi ambayo Wakristo wa Kiingereza wanaiimba kama “Be Thou My Vision”. Ni nzuri, inajulikana, na kwenye kikao ni mzigo, kwa sababu mistari yake minne haifanani hata mmoja. Asiyeijua hapati pa kushikia.

Linganisha na hii. Mwaka 1589 padri mmoja wa Langres, Ufaransa, alichapisha kitabu cha kufundisha kucheza ngoma kiitwacho Orchésographie. Alijiita Thoinot Arbeau; ukizipanga upya herufi utapata jina lake halisi, Jehan Tabourot. Humo mna tuni ya ngoma iitwayo Branle de l'Official. Mwaka 1924 tuni hiyo ilitoka na maneno ya Krismasi, “Ding Dong Merrily on High”, na leo kwaya za dunia nzima zinaijua. Mwanakwaya, imba hii kimoyomoyo:

d – d – r d t, l, – s,
l, – d – d – t, – d – d

Ndiyo sehemu yote ya kwanza, na inarudiwa. Weka do kwenye G: inashuka hadi D ya chini, na sehemu ya pili inapanda hadi E ya juu, basi. Rekoda ya sauti ya juu inaifikia yote bila kuhangaika, fidla inaicheza kwenye nafasi ya kwanza, na gitaa linahitaji G, C, D na pengine A ndogo. Kama ungeniambia nichague tuni moja ya kumfundisha mgeni, ningechagua hii. Ila tafadhali ipige kama ngoma ya watu walioshikana mikono na kuruka. Ukiipiga kwa mwendo wa ibada, mezani watakuonea huruma.

3. Ipime kabla hujaibeba

Kila tuni unayofikiria kuipeleka, ipitishe kwenye maswali haya:

Je, ina sehemu fupi zinazorudiwa? Tuni nyingi za vikao zina sehemu mbili za vipimo 8 (kipimo ni fungu moja la mapigo), kila moja inapigwa mara mbili: A A B B, jumla vipimo 32. Aliyekosa A mara ya kwanza anaidaka mara ya pili.

Je, mtu anaweza kuidaka ikifika mzunguko wa tatu? Mpigie rafiki ambaye hajawahi kuisikia. Akianza kuipiga mluzi kabla hujamaliza, imefaulu.

Je, upana wake unatosha kwenye chombo kifupi kuliko vyote? Filimbi ya bati haina kitu chini ya D. Rekoda ya sauti ya juu inaishia C. Tuni nyingi za fidla za Uingereza na Uswidi zinashuka hadi G ya uzi wa nne, na hapo hawa wawili watalazimika kuruka oktava juu, wakati mwingine katikati ya mstari.

Je, inabaki kwenye ufunguo mmoja? Ikihama G kwenda F katikati, wenye zumari na hadigadi (kile chombo cha nyuzi kinachozungushwa mkono kama mashine ya kusaga) wamekwama, kwa sababu vyombo vyao vina sauti moja inayovuma chini muda wote.

Je, tuni inasimama peke yake bila sauti nyingine? Hili ndilo linaloua muziki mwingi wa kale. Motet ya Byrd au fuga ya Bach ni mazungumzo ya sauti kadhaa zinazoingia kwa zamu. Ukipiga moja tu, umesimulia nusu ya kisa. Hizo waachie watu wenye karatasi na stendi.

Angalizo: kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kuja na kanoni ya Pachelbel. Ni ya fidla tatu na besi, kila mmoja anaanza baada ya mwenzake, na besi inarudia noti nane kwa muda wote. Anayebaki na zile noti nane hatakusamehe.

4. Chota kwenye visima ambavyo wenzako wamechotea

Kuna vitabu vichache ambavyo karibu kila mpenda muziki wa kale amevipitia. Ukichagua kutoka humo, uwezekano wa kukuta mtu anayeijua tuni yako ni mkubwa.

John Playford, The English Dancing Master, London, 1651. Hiki ndicho naanza nacho kwa yeyote, kwa sababu ndicho daraja lenyewe. Kina ngoma 105, na kila moja ni mstari mmoja tu wa tuni na maelekezo ya hatua chini yake. Hakuna kodi, hakuna besi. Playford aliwaandikia watu waliotaka kucheza, na mpiga fidla alitarajiwa kujaza mwenyewe, jambo ambalo ndilo hasa duara lenu litakalofanya. Watu wa muziki wa kale wanakiona ni chao, watu wa ngoma za kijijini za Kiingereza nao wanakiona ni chao, na wote wana haki. Tafuta “Upon a Summer's Day”, “Gathering Peascods”, na “Sellenger's Round” iliyoingia katika toleo la baadaye. Kitabu kiliendelea kutoka matoleo mapya hadi karne ya 18, kwa hiyo utasikia watu wakisema “ni ya Playford” kuhusu tuni zilizoingia baadaye sana. “Childgrove”, kwa mfano. Usibishane.

Arbeau, niliyemtaja. Mbali na Branle de l'Official, kuna branle ya farasi ambamo wachezaji hukanyaga chini kama farasi, na branle ya wafuaji nguo ambamo wanapiga makofi. Arbeau aliandika hatua za miguu kando ya noti, kila noti na hatua yake, kwa hiyo mwendo wake unaujua kwa kuangalia tu. Kwa darasa la watoto hakuna kitabu bora.

Tielman Susato, Danserye, Antwerp, 1551. Kilitoka kwa sauti nne, lakini sauti ya juu inasimama yenyewe. “La Mourisque” inashikika haraka na inafurahia ngoma chini yake. Mwenye tari au dufu, hapa ndipo pako.

Michael Praetorius, Terpsichore, 1612. Ngoma zaidi ya 300, nyingi za Kifaransa. Usijaribu kuzijua zote. Chukua “La Bourrée”, kisha linganisha na “Parson's Farewell” ya Playford: ni tuni ileile, miaka karibu 40 baadaye, upande wa pili wa bahari. Ukikaa na kikundi chenye watu wa pande zote mbili, mmoja ataiita hivi na mwingine vile, na wote wataipiga.

Kwa wanaopenda kuimba kuliko kupiga, “Gaudete” kutoka Piae Cantiones, kitabu kilichochapwa Greifswald mwaka 1582, haijawahi kuniangusha. Kiitikio ni kifupi, kila mtu anakijua baada ya mara mbili, na mmoja anabeba beti. Cantiga za Santa Maria za karne ya 13, zilizokusanywa katika jumba la mfalme Alfonso X wa Castile, nazo zinafanya kazi kwa mtindo huohuo. Zipo zaidi ya 400, ila ile namba 100, “Santa María, Strela do Día”, ndiyo wengi wanaijua.

Upande wa kiasili nitakwenda haraka, maana huko vikao vyenyewe vitakufundisha. Kwa Kiayalandi anza na “The Kesh Jig” (G), “Cooley's” (E ndogo) na “Sí Bheag, Sí Mhór” (D), tuni ya taratibu ya Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyefariki 1738. Mbili za kwanza ni za kila kikao, wengine wamezichoka lakini watazipiga. Kwa Bretagne, jimbo la Ufaransa, “Tri Martolod”. Wabretoni wana desturi ya mmoja kuimba mstari na wengine kuurudisha huku mnyororo wa wachezaji unazunguka, na mtu aliyekulia na ngoma za kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa Uswidi, “Gärdebylåten”, ya kutembea, mapigo yake ya wazi. Polska, ngoma nyingine za huko, ziache kwanza. Zina mapigo matatu yasiyolingana urefu, na mgeni atakanyaga pasipo.

Halafu “Greensleeves”. Kila mtu atakutajia hiyo. Imejengwa juu ya mtindo wa besi wa Kiitaliano, iliandikishwa London mwaka 1580, na wanaosema aliitunga mfalme Henry VIII wanasahau kwamba alikufa 1547, kabla mtindo huo haujashika Uingereza. Inafaa, lakini ina mtego: wengine wanapandisha noti ya sita ya ufunguo na wengine hawapandishi. Kwenye A ndogo, huyu anapiga F shapu, yule F ya kawaida, kwa wakati mmoja, na sauti inayotoka ni ya paka wawili. Kubalianeni kabla. Neno moja tu linatosha: “Shapu?”

5. Beba mizunguko ya kodi pia

Hii ni kwa wapiga gitaa na kwa yeyote asiyekariri tuni upesi. Wapigaji wa karne ya 16 na 17 walikuwa na mizunguko ya besi waliyoijua wote, kisha kila mtu akabuni juu yake. Miwili inakutosha.

Bergamasca: G – C – D – G. Unarudia mpaka mtu achoke.

La Folia, kwenye D ndogo, kodi moja kwa kila kipimo: Dm – A – Dm – C – F – C – Dm – A, kisha tena Dm – A – Dm – C – F – C, kipimo cha 15 unakigawa Dm na A, na unafunga kwa Dm. Mtunzi Corelli alichapisha toleo lake maarufu mwaka 1700, lakini huna haja ya kumgusa Corelli. Mmoja anashika kodi, wengine wanazunguka duara kwa zamu, kila mtu mzunguko mmoja wa kubuni, hata kama ni noti nne tu. Mpiga fidla wa taarab aliyezoea kupamba noti atang'ara hapa kuliko wahitimu wa konsavatoria, na nimeona wengine wakishtuka.

6. Panga seti

Tuni ya vipimo 32 inaisha chini ya dakika moja, kwa hiyo haipigwi peke yake. Piga tuni mbili au tatu mfululizo bila kusimama, kila moja mara tatu. Ziwe za mapigo yaleyale. Ufunguo ubaki, au upande: kutoka G kwenda D kunachangamsha, kushuka kunapooza.

Seti ya kuanzia kwa mapigo sita: “Sellenger's Round” kisha “Upon a Summer's Day”, zote G. Ukiona duara lina Waayalandi, funga na “The Kesh Jig”. Umevuka karne na bahari bila mtu kuhitaji kutuni upya.

Nenda na seti mbili. Tatu ukipenda. Anayekuja na tuni ishirini hajui hata moja kwa usalama.

7. Ikariri kwa sikio, noti baadaye

Tafuta rekodi tatu tofauti za tuni hiyo, si moja. Moja itakufundisha mapambo ya mtu mmoja. Tatu zitakuonyesha mifupa. Iimbe kwa solfa mpaka uweze kuiimba ukiosha vyombo. Kisha ndipo ushike chombo. Zingatia noti ya kwanza ya kila sehemu, kwa sababu watu husahau mlango, chumba chenyewe hawasahau.

Ipige polepole kuliko unavyotaka. Kama huwezi kuipiga mara tatu bila kusimama kwa mwendo wa polepole, haijaiva.

8. Siku yenyewe

Fika, salimia, na usikae kiti cha kwanza unachokiona. Vikao vingi vina mtu au wawili wanaovishikilia na wana viti vyao. Uliza ukae wapi. Piga zile unazozijua, zile usizozijua sikiliza au gusa noti za besi kwa sauti ya chini. Ngoma isiwe zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ukiona mtu tayari anayo, tari yako ibaki mfukoni.

Ukipewa nafasi, taja jina na ufunguo, anza kwa mwendo ambao mwenzako dhaifu anaumudu, na upige kwa sauti ya kueleweka. Kukaribia mwisho, inua mguu au sema “ya mwisho” kabla ya mzunguko wa tatu.

Mara nyingi, baada ya wiki chache, watakuomba ya kwenu. Ipitishe kwenye maswali ya hatua ya 3 kama nyingine zote. Chagua yenye kiitikio kifupi, ifundishe mstari kwa mstari, na usianze na ile yenye beti kumi na mbili.

Matatizo ya kawaida na dawa zake

Nilianza, hakuna aliyejiunga. Maliza mzunguko wa pili, nyamaza, tabasamu. Uliza nani anataka kuijifunza. Ikiwa yupo, mfundishe sehemu A wakati wa mapumziko. Wiki ijayo mtakuwa wawili, na wawili wanatosha kuianzisha.

Sehemu B yao si yangu. Tuni hizi zimesafiri sana, matoleo ni mengi. Fuata ya kwao usiku huo, yako iandike daftarini. Ukirudi kwenu piga yako.

Wanaipiga kwenye ufunguo mwingine. Mpiga gitaa anasogeza kapo. Mpiga fidla akihamishwa kutoka G kwenda D anahamia uzi wa juu kwa vidole vilevile. Mpiga rekoda ndiye mwenye kazi; jifunze tuni zako tatu za msingi kwenye G na D tangu nyumbani.

Mwendo unakimbia. Kwa kawaida chanzo ni gitaa au ngoma, si tuni. Kaa karibu na mpiga gitaa, piga noti za kwanza za kila kipimo kwa mkazo, ziachie nyingine. Ukikosa kuwafikia, shuka kwenye noti hizo tu mpaka mwisho.

Rekoda yangu haisikiki. Sauti za chini za rekoda zinamezwa na fidla mbili tu. Ruka oktava juu pale unapoweza, au kaa upande wa pili wa meza mbali na kodiani.

Kikundi kiko kwenye 415. Gitaa lishushe nusu toni nyuzi zote. Fidla inashuka pia, lakini shusha polepole na uzitazame nyuzi, zitahitaji kutuniwa tena mara kwa mara. Rekoda ya 440 haishuki kiasi hicho hata ukivuta kichwa. Azima ya kwao, au uimbe.

Naijua tuni lakini nimesahau inavyoanza. Ndiyo maana ya ule mstari mmoja wa daftari. Ukiwa huna daftari, mwimbie jirani sehemu ya katikati. Mara nyingi yeye atakumbuka mwanzo. Kama naye kasahau, anza na B. Hakuna atakayelalamika, na mkifika A kila mtu atakuwa amekumbuka.